Mistari ya rangi si nyuzi: kuchagua mbao ya mjozi kwa kitako cha bunduki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, sasa naishi Missouri, Marekani, ambako kila Novemba tunawinda kulungu wenye mikia myeupe. Nina bunduki ya Mauser 98 inayotumia risasi za .30-06, na kitako chake kimepasuka shingoni, pale mkono unaposhika. Nataka nichonge kipya mwenyewe, useremala nilijifunza kwa baba. Muuzaji amenionyesha picha za vipande viwili vya walnati ya Uturuki. Cha kwanza kina mawimbi yanayometa toka mwanzo hadi mwisho, na bei yake ni karibu mara mbili ya kingine. Cha pili kina mistari myeusi iliyonyooka shingoni, na urembo uko nyuma tu. Nichukue kipi? Na je, mninga wetu usingefaa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa maelezo yako naelemea kipande cha pili, ila nakuomba usikilipie bado. Umesema kina mistari myeusi iliyonyooka shingoni, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika bila mtu yeyote kuwadanganya. Mistari myeusi ya mjozi, huo unaouita walnati, ni rangi tu. Imejikusanya ndani ya kiini cha mti kadiri ulivyozeeka, na inaweza kupita njia yake bila kujali nyuzi zimekwenda wapi. Kinachobeba teke la bunduki ni nyuzi. Nimeshika vipande vyenye mistari iliyonyooka kabisa huku nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari, na vingine ambavyo mistari yake imevurugika huku nyuzi chini yake zikiwa zimetulia vizuri.

Kwa hiyo acha mistari kwa muda, uangalie vitundu.

Mjozi una vitundu vinavyoonekana kwa macho bila shida. Kila kimoja ni mdomo wa mrija uliokuwa ukipitisha maji mti ulipokuwa hai, na mirija hiyo hulala sambamba na nyuzi. Ubao ukipasuliwa sambamba na nyuzi, mirija hufunguka kwa urefu na utaona mikwaruzo myembamba, mirefu. Nyuzi zikiwa zinatoka nje ya uso kwa pembe, mikwaruzo inakuwa mifupi. Ukiona nukta tupu, unaangalia ncha za nyuzi, na uso huo umezikata nyuzi, hauna nguvu ya kustahimili kupinda. Angalia kwanza ubavuni, halafu ugeuze kipande uangalie ukingo wa juu, pale utakapokaa mkia, yaani ncha ya nyuma, wa chuma cha chemba, kile kinachoshika mtutu na kupokea risasi. Lazima pande zote mbili zikuambie jambo moja. Watu wengi huangalia ubavu peke yake kwa sababu ndio wenye urembo, kumbe nyuzi zinatoroka kuelekea kushoto au kulia na ubavu hausemi.

Sasa nyuzi ziende wapi? Chini ya mtutu zinyooke sambamba na mtutu, kwa sababu sehemu ya mbele ikijipinda itausukuma mtutu na shabaha itahama. Shingoni ziteremke pamoja na shingo yenyewe, maana kitako cha bunduki hushuka kidogo kikielekea begani. Kipande bora kabisa ni kile ambacho nyuzi zake zimepinda zenyewe kwa namna hiyo, na mara nyingi hutoka chini ya shina, pale linapoanza kutanuka kuelekea mizizi. Kipande kibaya ni kile ambacho nyuzi zake zinaingia juu ya shingo na kutokea chini, nyuma ya kifyatulio, ndani ya sentimita chache. Bunduki hiyo ikianguka kutoka kwenye jukwaa la kuwindia, itakatika hapo.

Hili linapimika. Nyuzi zikiacha mstari kwa sentimita 1 katika kila sentimita 10 za urefu, ubao hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake ya kustahimili kupinda. Zikiacha kwa 1 katika kila 5, hupoteza karibu nusu. Na shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote za kitako, tena chuma kimeshachimbiwa nafasi mbele yake. Hakuna mahali pengine kwenye bunduki ambapo ubao mdogo hivyo hubebeshwa mzigo mkubwa hivyo.

Kipande cha kwanza, chenye mawimbi. Mng'ao ule unaohama ukiinamisha ubao kwenye mwanga hutokea kwa sababu nyuzi zimekua kwa kupanda na kushuka. Pale zinapokuelekea huonekana nyeusi, pale zinapolala hung'aa, na ukigeuza ubao zinabadilishana. Ni uzuri wa kweli na sishangai umekuvutia. Lakini kila wimbi ni mshazari mdogo wa nyuzi, na mshazari shingoni ndio huo nilioueleza. Sisemi kila mbao ya mawimbi ni dhaifu. Zipo bunduki nyingi nzuri zenye mawimbi hadi shingoni ambazo zimetumika miaka mingi, kwa kuwa mawimbi yao ni ya kina kifupi, na .30-06 si bunduki ya tembo. Kinachoamua ni kina cha wimbi. Mawimbi membamba yaliyobanana, yenye vitundu ambavyo bado vinaonekana kama mikwaruzo, ningeyakubali kwa bunduki yako. Mawimbi mapana, ambayo vitundu vyake vinageuka nukta katika kila mpando, nisingeyakubali shingoni hata nikipewa bure.

Urembo wa panda, ule unaotoka pale shina linapogawanyika na kufanana na unyoya, ukae kitakoni nyuma na usivuke kwenda mbele. Wa nundu, yaani uvimbe unaoota kwenye shina, hauna uelekeo wa nyuzi kabisa, kwa hiyo shingoni ni marufuku.

Kabla hujalipia urembo wowote, kumbuka kwamba utauchonga. Kipande cha kawaida cha bunduki yako kina unene wa takriban sentimita 6 na nusu, na ukimaliza kitabaki na 4 na ushee sehemu nyingi. Unaondoa zaidi ya sentimita moja kila ubavu, na mchoro unaouona leo mwingi utakuwa vumbi sakafuni. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama mchoro uko pande zote mbili, mahali palepale. Ukiwa hivyo, kuna matumaini makubwa kwamba unapita katikati. Ukiwa upande mmoja tu, unanunua picha. Mchoro wa panda ndio mgumu zaidi, maana uko safi kwenye bapa moja tu linalopita katikati ya matawi mawili, na kila unapoliacha bapa hilo unazidi kufifia. Na yale madaraja ambayo wauzaji huyapa vipande vyao hayana kipimo cha pamoja, kila mmoja anajipangia, na karibu yote yanapima urembo. Sijaona anayepandisha bei kwa sababu nyuzi za shingo zimekaa vizuri. Hiyo ni bahati yako wewe unayejua kuangalia, kwa kuwa mara nyingi kipande chenye nguvu zaidi hakiwi cha bei kubwa zaidi.

Mwombe muuzaji picha za kila kipande kikiwa kikavu: mbavu zote mbili, ukingo wa juu, ncha zote mbili, na picha ya karibu sana ya eneo la shingo ambayo vitundu vinahesabika. Picha za kuuzia huwa zimepakwa spiriti au mafuta ili rangi iruke, na mng'ao wake huficha nyufa nyembamba. Kwenye ncha tafuta nyufa zinazoingia ndani, na uone kama zilipakwa nta au rangi wakati wa kukausha. Tafuta pia ile mbao changa ya pembeni yenye rangi hafifu. Haina ubaya mkubwa kwa nguvu, lakini wadudu wanaosaga mbao kuwa unga huipenda, na haitafanana na kiini hata uitie rangi namna gani.

Halafu fanya jambo ambalo litakusaidia kuliko maneno yangu yote. Chukua plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, uweke kitako chako cha zamani juu yake, ukichore. Kata umbo hilo, weka alama mahali pa shingo, mkia wa chuma na kifyatulio. Ukipata kipande mkononi, liweke juu yake na ulisogeze: inua nyuma, shusha mbele, sogeza kushoto. Nyuzi zilizokuwa zinakatiza shingo zinaweza kukaa sawa kwa kuligeuza umbo digrii chache tu. Kipande chenye upana wa kutosha nyuma, sentimita 16 hadi 18, kinakupa nafasi hiyo. Kilichokatwa kwa kubana hakikupi. Kama muuzaji yuko mbali, mtumie vipimo vya umbo lako akuchoree kwa chaki na kukupiga picha.

Jina la Uturuki lenyewe lisikubabaishe. Mjozi wa Uturuki, wa Ufaransa, wa Uingereza na ule wa Kaukasi wote ni aina moja, Juglans regia, na tofauti zinatokana na udongo, hewa na umri wa mti. Hapo ulipo, Missouri, ni nyumbani kwa binamu yake, mjozi mweusi, Juglans nigra, ambao kwa miongo mingi ulibeba bunduki za jeshi la Marekani, Springfield ya 1903 na M1 Garand zikiwemo. Una vitundu vikubwa zaidi na rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, lakini nguvu unayo. Ushauri wangu wa dhati: kabla hujagusa kipande cha Uturuki, nunua kwa mpasuaji wa karibu nawe ubao wa mjozi mweusi usio na urembo, uchimbe ndani yake nafasi ya chuma cha Mauser. Mikono ya useremala unayo, lakini kuchimba mbao ili chuma cha duara kikae bila mwanya ni kazi nyingine kabisa.

Mjozi umependwa kwa sababu unatulia. Kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, mjozi mweusi hupungua kama asilimia 5.5 kuelekea kiini na 7.8 kufuata pete za mwaka. Namba hizo zimekaribiana, kwa hiyo ubao haujikunji sana. Mti wa biki (beech) wa Marekani hupungua 5.5 kwa 11.9, na pengo hilo ndilo linalouzungusha ubao. Wajerumani walipogeukia biki kwa vitako vya Mauser kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, walitumia tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na zikatulia.

Utulivu huo hauji kama mbao haijakauka. Kipande cha unene huo kikikaushwa kwa hewa kinahitaji miaka miwili hadi mitatu, na Missouri yako ina kiangazi cha unyevu na baridi ya hita ndani ya nyumba. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hutulia ikiwa na maji ya asilimia 12 hivi, na kwenye hewa ya asilimia 30 hushuka hadi 6 hivi. Kitako chako kitaishi kati ya namba hizo, basi kianze katikati, 8 au 9. Usiamini neno la muuzaji wala tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye ncha. Kipande kikifika, kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike uzito na tarehe, ukiweke ndani ya nyumba mahali pasipo jua wala hita, ukipime tena kila baada ya wiki kadhaa. Kikiacha kupungua, kimefika. Huu ni uvumilivu wa miezi, na ukiukataa utaulipia baadaye pale chuma kitakapoanza kucheza ndani ya mbao.

Sasa ufa wako wa zamani. Mauser 98 ina jino chini ya mbele ya chuma cha chemba, na jino hilo ndilo linalopaswa kuegemea mbao bunduki inaporudi nyuma. Mbao iliyo nyuma ya jino ikiwa haijaligusa sawasawa, au imebonyea kwa miaka ya mafuta na teke, chuma chote huteleza nyuma hadi mkia wake unapigilia shingo, na kila risasi inaupigilia zaidi. Ufa unaanzia nyuma ya mkia na kufuata nyuzi. Angalia kitako chako cha zamani: kama ufa umeanza hapo, kosa halikuwa la mbao peke yake. Kwenye kipya, hakikisha uso wote wa nyuma wa jino umekaa kwenye mbao, na acha mwanya wa nusu milimita hadi milimita moja nyuma ya mkia. Macho hayaupendi mwanya huo, na wapo wanaouziba ili kazi ionekane safi. Usiuzibe. Kukaza zaidi mahali pa jino, gundi ya epoksi iliyopakwa kwa uangalifu inafaa sana, ilimradi chuma kimepakwa nta ili kisigande. Vitako vya kijeshi vya Mauser vilikuwa na pini ya chuma iliyokingama nyuma ya jino. Kwa .30-06 si lazima, lakini kama utachagua kipande cha mawimbi, iweke.

Kuchimba kwenyewe: paka chuma masizi ya kibatari, kikalishe, kigonge kidogo, kitoe, uparuze kwa patasi pale tu palipochafuka. Rudia. Mwanzoni masizi yatashika nukta chache, na kazi imekamilika yakishika uso mzima. Bolti ya kufungia chemba iwe nje ya bunduki na risasi ziwe chumba kingine wakati wote wa kazi hii. Usianze kuchonga umbo la nje kabla chuma hakijakaa, maana ukikosea ndani, mbao iliyobaki nje ndiyo itakayokuokoa.

Kuhusu vipimo vya mwili wako, umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa watu wengi ni inchi 13.5 hadi 14. Usiupime kwa kulaza bunduki kwenye mkono uliokunjwa. Vaa koti lako la Novemba, fumba macho, inua bunduki tupu begani, fungua macho. Kama jicho halijakaa nyuma ya darubini bila kusogeza shingo, kipimo kinahitaji marekebisho.

Kuhusu mninga, baba yako alikufundisha kwa mbao nzuri. Mninga hutulia sana baada ya kukauka, pengine kuliko mjozi wenyewe, na uzito wake unakaribiana nao. Unafaa kwa kitako, mradi uchague kipande kisicho na nyuzi zilizopishana, na ufunike pua, kwa kuwa vumbi lake huwasumbua watu wengi kifuani. Kikwazo chako ni kuupata huko: tangu 2023 miti ya jamii ya mninga ya Afrika imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo haivuki mpaka bila kibali. Mpingo nao umo tangu 2017. Kwa kitako kizima mpingo ni mzito mno, lakini kipande kidogo chenye kibali halali, kikiunganishwa kwenye ncha ya mbele ya kitako, hukaa vizuri sana na mjozi. Mvule nisingeutumia. Nyuzi zake hupishana na mara nyingine una mawe ya chokaa ndani yanayovunja makali ya patasi.

Umaliziaji hauna siri. Lowesha kitako kwa kitambaa chenye maji, kikikauka nyuzi zitasimama, zipige msasa, urudie mpaka zisisimame tena. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka nyembamba, kila moja likauke kabisa kabla ya jingine. Mafundi wa London hutia mizizi ya alkaneti kwenye mafuta hayo kupata wekundu wa chini kwa chini, na kwenye mjozi wa Uturuki unaoelekea umanjano inapendeza sana. Usisahau kupaka ndani ya njia ya mtutu na chini ya bamba la nyuma, kwa kuwa unyevu huingilia kwenye ncha za nyuzi kuliko ubavuni. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandaze nje vikauke au vitie kwenye maji. Vikikunjwa na kuachwa kwenye kona hupata joto vyenyewe na kuwaka, na karakana zimeungua kwa sababu hiyo.

Na kama una jirani anayefuga farasi, usimpe maranda ya mjozi mweusi ayatandike bandani. Huwaharibu farasi kwato. Usiyatie kwenye bustani ya nyanya pia.

Picha za vitundu vya shingo zikifika, zitume na kipimo cha shingo ya kitako chako cha zamani, upana na kimo. Kwa hivyo viwili nitaweza kukuambia kama kipande cha kwanza kinastahili kufikiriwa hata kidogo.